Unamjibu nini anayekuambia "Mungu akulinde"?

Ndugu zangu wahitimu, swali hili wengine wananiuliza pembeni, sauti chini: ukisha kuacha kuamini, unamjibu nini mama anayekuambia "Mungu akulinde"?

Mimi nililijibu vibaya. Nilikuwa nimemaliza masomo, nipo ufukweni Mpala nangoja mashua ya Kalemie. Nkambo wangu akanishika kichwa, akaniombea. Nikamwambia, "Nkambo, mimi siamini tena mambo hayo." Hakusema kitu. Akarudi nyumbani kabla mashua haijaondoka, na hiyo hakuwahi kuifanya hata siku moja.

Njiani nikaanza kujiuliza yale maneno yake yalifikaje Mpala. Mwaka 1883 Émile Storms, Mbelgiji, alijenga kituo pale kwa ajili ya chama cha Mfalme Leopold II. Mwaka 1885 kituo kikawa mikononi mwa Mapadri Weupe, na mwaka 1887 akaja Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, kuilinda misheni kwa bunduki. (Kwenye katekisimu hiyo bunduki hatukuisoma.) Watabwa walikuwa na jina lao, Leza. Ila Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuvuka ziwa na wafanyabiashara Waislamu waliotoka upande wa Ujiji. Dini, sala, baraka: yote ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Mapadri hawakuyatupa, waliyahubiria. Ndani ya Kiswahili hicho hicho shule ya misheni ilimlea Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka 1917, Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi.

Leo Mkatoliki wa Mpala akikutakia baraka, nani anamdhani Mwislamu? Hakuna. Basi kama yeye ameweza kulichukua neno la wengine bila kubadili dini, na mimi naweza kulipokea neno la nkambo bila kusema uongo. Yeye hakuwa ananipima imani. Alikuwa anaogopa ziwa.

Kwa hiyo siku hizi "Mungu akubariki" naijibu "Aksanti sana, mama, na wewe ubaki salama." Nikiambiwa "tutaonana Mungu akipenda", nasema "tutaonana". Nikiulizwa wazi kama nasali, nasema hapana, bila hotuba. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 22, inampa kila mtu uhuru wa mawazo, dhamiri na dini, lakini mezani kwa shangazi sioni sababu ya kutaja katiba.

Kuna sehemu moja tu siwezi kunyamaza. Mashua imejazwa watu na magunia kupita kiasi, inazama, halafu kwenye kilio mtu anasema "ni mapenzi ya Mungu". Kwa mama aliyefiwa sisemi neno, nakaa naye chini. Kwa mwenye mashua nasema: mizigo uliipakia wewe. Na hapo nimegundua hata wanaosali sana wananiunga mkono, tena kwa sauti kuliko mimi.

Mwaka uliofuata nilirudi Mpala. Siku ya kuondoka nkambo akaja tena ufukweni, akanishika kichwa, akaomba mpaka mwisho. Nikasema, "Aksanti, nkambo. Na wewe ubaki salama."

"Amina hukusema," akaniambia. "Nimesikia. Panda sasa, upepo unageuka."

Safari hii alisimama pale mpaka tukapita ncha ya mlima.