Print laki mbili kwenye daftari moja

Nimepotea hapa karibu wiki mbili, msinilaumu, ni hii projekti ya mwaka wa mwisho. Juzi saa nane usiku hapa hosteli nilikuwa natafuta kosa kwenye programu yangu. Nikafanya kama tunavyofanya sote: nikaweka print ndani ya kitanzi nione namba zinabadilikaje. Kitanzi chenyewe kinazunguka mara laki mbili! Mistari ikamwagika, laptop ikaganda, na majedwali yangu ya tangu jioni yalikuwa humo humo, sijaseivu. Uzembe wangu mwenyewe. Nikalala nimenuna.

Asubuhi nikajiuliza, hivi nani alituletea desturi ya kuweka amri, majibu na vilio vya programu kwenye ukurasa mmoja?

Stori inaanzia Marekani mwaka 1988, Stephen Wolfram na wenzake walipotoa Mathematica. Sura ya daftari, yaani maelezo, amri na majibu pamoja, ilibuniwa na Theodore Gray. Raha tupu, kila kitu kinabaki. Ila na takataka nazo zinabaki! Dawa ilikuwa ndogo: weka nukta mkato mwishoni mwa amri, hesabu inafanyika lakini jibu halionyeshwi. Tatizo, nukta mkato hainyamazishi Print. Ukishaamuru ujumbe uchapwe, utachapwa tu. Mpaka toleo la 6, mwaka 2007, ndipo ikaja PrintTemporary: unauona ujumbe wakati hesabu inaendelea, ikiisha unafutika wenyewe. Kwangu mimi hiyo ndiyo akili kubwa kuliko zote, maana ujumbe wa kutafutia kosa sio jibu, kazi yake ni ya dakika chache.

Upande wa Python kuna Fernando Pérez. Mwaka 2001 alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa fizikia Colorado, akaanza kuandika IPython wakati tasnifu inamsubiri (kumbe tuko wengi jamani). Daftari la IPython la kufungulia kwenye kivinjari lilitoka 2011, na 2014 ikazaliwa Jupyter. Humo ukiandika %%capture na jina juu ya seli, vyote vilivyochapwa vinakamatwa na kuwekwa pembeni, unavisoma ukitaka. Ipo pia %xmode, ya kuchagua ripoti ya kosa iwe fupi au ndefu. Miaka miwili nimetumia daftari hili sijui hata moja kati ya hizo!

Jana usiku nikarudia. Safari hii mstari mmoja kila mizunguko 1,000, na %%capture juu. Mistari 200 tu, nikaisoma nikinywa chai ya rangi. Namba zinaanza kuruka baada ya mzunguko wa 37,000, nilikuwa nagawanya kwa safu isiyo yake. Majedwali naanza upya leo, na msimamizi anayataka Ijumaa. Mwenye laptop ya kuazima anitafute.