Ng'ombe Aliyechoshwa Kabla ya Kuchinjwa: Nyama Yake na Hukumu Zake

Familia nyingi hulikuta jambo hili jikoni bila kujua chanzo chake: nyama ya ng'ombe nyeusi, inayonata vidoleni, isiyotoa maji, na inayoanza kunuka mapema ingawa imenunuliwa asubuhi. Lawama humwangukia mwenye bucha kuwa kauza nyama ya jana. Huenda hana kosa. Kosa lilitendeka ng'ombe akiwa bado hai.

Misuli ya mnyama ina akiba ya sukari iitwayo glaikojeni. Akishachinjwa, akiba hiyo hugeuka asidi, na kipimo cha pH cha nyama hushuka kutoka karibu 7 hadi karibu 5.5 kwa muda wa siku moja hivi. Kadiri kipimo kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi, na asidi hiyo ndiyo inayoipa nyama wekundu wake na kuchelewesha vijidudu. Sasa ng'ombe aliyeswagwa mwendo mrefu, aliyenyimwa maji, aliyepigana na ng'ombe wageni zizini au aliyetishwa usiku kucha huimaliza akiba kabla kisu hakijamfikia. Nyama yake hubaki na kipimo cha 6 au zaidi, ikawa nyeusi na kavu. Wala kumpumzisha saa moja hakutoshi. Mnyama aliyechoka hivyo huhitaji siku kadhaa za malisho na utulivu.

Tutazame Chiwata, wilayani Masasi, kwenye mwinuko wa uwanda wa Makonde. Huko ni nchi ya korosho na muhogo, si ya ng'ombe. Mbung'o waliwazuia wafugaji, na juu uwandani udongo wa kichanga hunywa mvua yote, hata wenyeji kwa vizazi wakawa wanashuka mabondeni kuteka maji. Mifugo iliongezeka kusini baada ya mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu, Mbeya, na baadhi yao kuelekezwa mkoa wa Lindi. Ng'ombe anayetoka huko kwenda kuchinjwa Masasi au Newala ana safari ndefu, na akipelekwa uwandani ana mlima wa kupanda, naye anafika mahali ambapo maji hata ya binadamu ni ya kutafutwa. Sisi wa visiwani hatuna mlima huo, lakini tuna bahari. Ng'ombe aletwaye kutoka Bara husafiri kwa lori, kisha chomboni, juani na mawimbini, na mara nyingi hushushwa kwa fimbo na kupindwa mkia. Kila pigo huacha damu iliyovilia ndani ya nyama, na sehemu hiyo hukatwa ikatupwa.

Mtume (S.A.W.), katika Hadithi ya Shaddad bin Aws iliyopokewa na Muslim, ameamrisha ihsani katika kuchinja: kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Na katika mapokezi ya Ibn Abbas amemkemea aliyenoa kisu mbele ya mnyama aliyekwisha kulazwa. Kwa Tanzania Bara ipo pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Je, nyama nyeusi ya namna hii ni haramu? Hapana. Ikiwa mnyama alichinjwa kisheria akiwa hai, nyama yake ni halali. Ila muuzaji anayejua itaharibika upesi hana ruhusa ya kumficha mnunuzi. Na ng'ombe aliyefia njiani ni nyamafu. Kumkata koo baadaye hakubadilishi kitu.

Jambo zito zaidi ni la udhuhiya. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba mnyama akilazwa mzima, akapapatika mguu ukavunjika kabla ya kuchinjwa, hatoshelezi kuwa udhuhiya. Watu saba walioshirikiana ng'ombe mmoja wanaweza kupoteza ibada yao kwa sababu vijana walimwangusha kwa pupa huku wengine wakipiga kelele na kuchukua picha. Wallahu a'lam.

Basi ng'ombe wa Idi aletwe siku chache kabla, si usiku wa kuamkia. Afungwe kivulini, asichanganywe na madume asiowazoea, apewe maji mpaka mwisho. Majani yasitishwe kama saa 12 kabla ili tumbo lisijae. Siku yenyewe amwendee mtu aliyemzoea, amwangushe kwa kamba taratibu juu ya mchanga au nyasi, si juu ya saruji, na watoto wasimzunguke. Wanyama wengine wasimwone akichinjwa.

Na aliyekwisha kuletewa nyama nyeusi nyumbani aipike siku hiyo hiyo, asiiweke kwa ajili ya kesho, na wala asiigawe mbichi kwa jirani asiye na friji.