Picha 48 paka asubuhi

Kwa TFC yangu nilichora mutoto anavuka barabara: sekunde 2, picha 48. Mwalimu akaniambia, "Mutoto iko mudogo sana." Nikamukuza picha moja-moja paka asubuhi. Akatoka anatetemeka, sababu kila picha nilikuwa nimeivuta kwa kipimo chake.

Wenzangu, ile mateso iko na historia. Mwaka 1969, Nestor Burtnyk, mutafiti wa serikali ya Kanada, alisikia muchoraji wa Disney akieleza kazi yao: fundi mkubwa anachora mwanzo na mwisho wa mwendo, wasaidizi wanajaza picha za katikati. Burtnyk akaona kompyuta inaweza kujaza. Akaijengea programu pamoja na Marceli Wein: kila mustari wa picha ya kwanza unapewa mwenzake kwa picha ya mwisho, mashine inahesabu njia kati yao. Peter Foldes akafanya nayo La Faim: mulafi anakula mpaka wenye njaa wanamukula yeye. Cannes ikaipa zawadi ya majaji, 1974.

Juzi nilifungua tena kazi yangu. Nikachagua picha zote 48, nikavuta kona moja. Mutoto ametulia, anavuka.