Uingizaji wa faili la matini katika jedwali la hifadhidata

Uingizaji wa faili la matini ni kazi ya kusoma data zilizoandikwa kama maandishi matupu, rekodi moja kwa kila mstari, na kuzipanga katika jedwali ambalo kila safuwima ina jina na aina yake. Mara nyingi hufanywa na funksheni fupi ndani ya skripti ya PHP au Python. Makala hii inaieleza kama inavyomkabili mtu wa Likasi, mji wa madini katika mkoa wa Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako mdomoni ni Kiswahili lakini karatasi na kompyuta za ofisini ni Kifaransa. Makosa mengi huzaliwa hapo, kwenye desturi za uandishi, kabla ya ugumu wowote wa uprogramu.

Koma na nuktamkato

Faili la aina hii huitwa CSV kwa kifupi. Mwongozo wake unaotajwa zaidi, RFC 4180 wa mwaka 2005, unaiweka koma kuwa kitenganishi. Kwa Kifaransa koma imekwishapewa kazi nyingine, kutenga nambari nzima na desimali: kiwango cha shaba katika sampuli huandikwa 2,35. Kwa hiyo lahajedwali iliyopangwa kwa Kifaransa hutenganisha safuwima kwa nuktamkato.

Funksheni ya PHP iitwayo fgetcsv husoma mstari mmoja kila inapoitwa na kuurudisha ukiwa vipande. Isipoelezwa vinginevyo, hukata penye koma. Tuchukue mstari wa mfano wenye namba ya sampuli, shaba na kobalti: S14;2,35;0,4. Funksheni isiyojua nuktamkato itatoa «S14;2», «35;0» na «4». Vilitarajiwa vipande vitatu na vimepatikana vitatu, kwa hiyo ukaguzi wa kuhesabu vipande peke yake hauoni kasoro yoyote.

Mstari ukikatwa sawasawa, koma ya desimali bado ipo. PHP ikilazimishwa kugeuza «2,35» kuwa nambari ya desimali husimama kwenye koma na kurudisha 2, kimya kimya. Python hukataa maandishi hayohayo na kusimamisha kazi. Ukali huo wa Python ni msaada mkubwa. Sampuli ya asilimia 2,35 iliyoingia jedwalini kama 2 haimshtui mtu, maana 2 ni kiwango cha kuaminika kabisa katika mawe ya Katanga. Kosa litaishi humo miaka. Dawa ni kubadili koma kuwa nukta kabla ya kugeuza, tena katika safuwima za nambari tu.

Tarehe zina mtego wa namna hiyo. Mkongomani akiandika 03/04/1998 anamaanisha tarehe 3 Aprili. Funksheni ya PHP iitwayo strtotime, ikiona mikwaju, hufuata desturi ya Marekani na kusoma tarehe 4 Machi. Ikipewa 25/04/1998 hushindwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Hivyo faili moja hutoa tarehe zilizokataliwa na nyingine zilizopinduliwa, na hizi za pili ndizo za kuogopwa. Mpangilio wa siku, mwezi na mwaka lazima utajwe waziwazi.

Majina ya watu na mahali

Jina la Mkongomani lina sehemu tatu katika nyaraka: nom (jina), postnom (jina linalofuata) na prénom (jina la ubatizo). Postnom ni urithi wa siasa ya rais Mobutu, iliyopiga marufuku majina ya ubatizo ya Kizungu mwaka 1972. Baadaye majina hayo yalirudi na postnom ikabaki. Jedwali lililoigwa kutoka nchi nyingine, lenye jina la kwanza na la mwisho tu, humpokonya mtu sehemu ya jina lake.

Kisha kuna apostrofi, kama katika M'Siri, mtawala wa Bunkeya aliyeuawa mwaka 1891. Skripti inayounganisha maneno ili kutunga amri ya SQL hudhani thamani imeishia kwenye alama hiyo. Thamani zipitishwe kwa vishikanafasi, zisichanganywe na amri yenyewe. Njia hiyo pia huzuia mtu mwenye nia mbaya kupenyeza amri zake. Na usimbaji wa herufi ukikosewa, yaani faili la UTF-8 likisomwa kama Windows-1252, Thérèse hugeuka «ThÃ©rÃ¨se».

Mahali pa kuzaliwa panahitaji uangalifu wa kihistoria. Mji huu wa Likasi uliitwa Jadotville hadi 1966, na mkoa wa Katanga uliitwa Shaba kati ya 1971 na 1997. Hati ya mzee inayosema Jadotville haina kosa. Funksheni isiifute, iweke neno la asili katika safuwima moja na jina la leo katika nyingine. Komini ni nne tu, Likasi, Kikula, Panda na Shituru, kwa hiyo hapo jedwali la rejea laweza kukataa tahajia mbovu.

Uandishi wenyewe

Mistari yote huandikwa ndani ya muamala mmoja, ili umeme ukikatika katikati jedwali lirudi lilivyokuwa. Mstari uliokataliwa huandikwa pembeni pamoja na namba yake na sababu. Kwa mafaili makubwa, LOAD DATA ya MySQL na COPY ya PostgreSQL ni za haraka zaidi kuliko mstari kwa mstari. Hapo data hupitishwa kwanza katika jedwali la mpito ambalo safuwima zake zote ni maandishi, 2,35 ikiwa bado na koma yake, kisha hukaguliwa na kugeuzwa zikihamishiwa jedwali la kudumu.