Umepunguzwa kazini? Kiinua mgongo hujadiliwa kabla ya sahihi

Unaitwa ofisini mchana, meneja anakupa pole, kisha afisa wa wafanyikazi anakusogezea karatasi mbili. Ya kwanza ina hesabu ya pesa utakazopewa. Ya pili inasema umelipwa kila kitu na huna dai lolote tena dhidi ya kampuni. Kalamu iko hapo hapo mezani. Wengi wetu huku Pwani hutia sahihi zote mbili, tukasema Alhamdulillah, mgawa riziki ni Mola, tukaenda zetu. Subira ni jambo jema, lakini kuacha pesa yako mezani kwa sababu ya haya si subira.

Tuanze na sheria. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinazungumzia kazi inapoisha si kwa kosa lako, bali kwa sababu kampuni imepunguza shughuli au nafasi yako haihitajiki tena. Mwajiri lazima akupe notisi ya mwezi 1 au mshahara wa mwezi 1, akulipe siku za likizo ambazo hukuchukua, na akupe kiinua mgongo kisichopungua siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilisha. Neno la kushika hapo ni "kisichopungua". Siku 15 ni sakafu, si dari. Meneja akikwambia "sheria inasema siku 15", mjibu kwa adabu kwamba sheria haijamkataza kutoa 20 wala 30.

Tuchukue mfano wa mhudumu wa vyumba katika hoteli ya Diani, mshahara shilingi 30,000, amefanya kazi miaka 9 na miezi 7. Kampuni ikigawanya mshahara kwa siku 30, siku 15 ni shilingi 15,000, mara miaka 9 ni 135,000. Lakini mtu huyu hufanya kazi siku 26 kwa mwezi. Ukigawanya kwa 26, siku 15 zinakuwa 17,307, na miaka 9 inafika karibu 155,770. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya shilingi 20,000 iliyofichwa ndani ya kugawanya tu, na wengi hawaulizi. Ile miezi 7 nayo haimo katika "mwaka uliokamilika", ila hakuna kinachokuzuia kuomba ihesabiwe. Akipata siku 30 kwa mwaka, ni 270,000. Yote hayo ni mbali na mshahara wa notisi na likizo; usikubali vitu hivyo vichanganywe katika jumla moja ili ionekane kubwa. Omba kila malipo yaandikwe mstari wake.

Mwajiri atakuongezea kwa nini? Kwa sababu naye ana la kupoteza. Sheria inamtaka ampelekee notisi afisa wa leba, na chama cha wafanyikazi kama wewe ni mwanachama, angalau mwezi 1 kabla. Kama huna chama, ni wewe mwenyewe uandikiwe, pamoja na afisa wa leba. Lazima pia achague wa kuondoka kwa kuangalia muda wao kazini, ujuzi, uwezo na kutegemeka kwao, si kwa nani anamchukia nani. Kampuni nyingi huruka hatua hizi kwa haraka. Ikithibitishwa kwamba umeondolewa bila haki, mahakama inaweza kuamuru ulipwe hadi mishahara ya miezi 12. Kwa hiyo uliza kwa upole: "Bosi, naomba kuona barua iliyokwenda kwa afisa wa leba, na nijue mlitumia kigezo gani kunichagua mimi." Usipige kelele. Swali hilo peke yake hubadilisha mazungumzo.

Kama pesa taslimu hazipo, na mara nyingine kweli hazipo, kuna vingine vya kuomba. Bima ya matibabu iendelee miezi kadhaa, hasa kama kuna mgonjwa au mja mzito nyumbani. Muda zaidi katika nyumba ya kampuni, watoto wamalize muhula. Ahadi ya maandishi ya kuitwa kwanza kazi ikirudi. Na kama watalipa kwa awamu, tarehe na kiasi cha kila awamu viandikwe. Ahadi ya mdomo ya "tutakuangalia" haina thamani meneja akihamishwa. Cheti cha kazi usikiombe kama fadhila, hicho ni haki yako kisheria.

Sasa ile karatasi ya pili. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Thomas De La Rue, ilisema karatasi kama hiyo peke yake haimwondolei mwajiri wajibu wake wa kisheria; kinachoangaliwa ni kama mfanyikazi alitia sahihi kwa hiari akiwa anajua yote. Usijidanganye na hilo. Mwaka 2018, katika kesi ya Coastal Bottlers, kampuni ya hapa hapa Pwani, mahakama hiyo hiyo ilishikilia kwamba mfanyikazi aliyekubali makubaliano na kupokea pesa amefungwa nayo. Kwa hiyo omba siku mbili tatu, chukua nakala, kaonyeshe mtu. Wakikataa kukupa muda, andika kando ya sahihi yako kwamba umepokea pesa lakini hujaacha madai yako mengine, utie tarehe.

Kuna mtego mbaya kuliko huo: kuambiwa uandike barua ya kujiuzulu "ili rekodi yako ibaki safi". Aliyejiuzulu hakupunguzwa kazi, na kiinua mgongo cha kifungu cha 40 kimekwenda na maji. Usiandike. Kustaafu mapema kwa hiari ni jambo tofauti. Hapo kampuni ndiyo inayohitaji sahihi yako, kwa hiyo kiwango hujadiliwa kwa upana zaidi.

Kwa wale wa hoteli ambao hurudishwa nyumbani kila msimu wa mvua kisha wakapewa mkataba mpya, ugomvi mkubwa ni kuhesabu miaka. Mwajiri ataanzia mkataba wa mwisho. Kusanya mikataba yote ya zamani, hati za mshahara na rekodi za NSSF, na usiingie ofisini peke yako. Wa hoteli waone KUDHEIHA, wa bandarini Dock Workers Union. Asiye na chama aende kwa afisa wa leba, au Kituo cha Sheria hapa Mombasa, ambao husaidia wasio na uwezo bila malipo.

Malalamishi ya kuachishwa bila haki hupelekwa kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3, na kesi mahakamani ndani ya miaka 3. Ikishapita hiyo, hata ukiwa na karatasi zote, mlango umefungwa.