Mbiru: Jina la Mila Katika Ugomvi wa Kodi ya Upare

Mnamo Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka milimani wakaenda Same, makao makuu ya wilaya yao, wakapiga kambi. Hawakwenda kukataa kila kodi. Kodi ya kawaida, ambayo asili yake ni ile kodi ya nyumba ya Wadachi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1897, walikuwa tayari kuilipa, maadamu ni kiwango kimoja kwa wote. Walichokikataa ni mbiru.

Neno hili ni la Kipare, nalo zamani lilihusu matoleo waliyopewa watawala wa jadi. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili machifu wa Upare, kwa kibali cha Serikali, waliweka kodi ya nyongeza iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu, wakaipa jina hilo la kale. Bila shaka walitumaini kwamba jina lililozoeleka lingelainisha jambo geni.

Kwa macho ya Serikali mbiru ilikuwa halali. Sheria ya mwaka 1926, ya zama za Gavana Donald Cameron, iliwapa machifu madaraka yao, na madaraka hayo yalitoka juu. Lakini anayeita kodi kwa jina la mila humpa mlipaji haki ya kuipima kwa mila hiyo hiyo. Na hapo, kwa maoni yetu, ndipo machifu walipojitega wenyewe. Wapare hawakuona mila katika makadirio yaliyofanywa kwa kubahatisha, wala hawakuwa wameulizwa. Amri ilikuwapo, idhini yao haikuwapo.

Waume walipozidi kukawia Same, wake nao waliingia katika shauri. Mwaka 1946 Bwana Shauri alipofika Usangi, wanawake walimkabili wakamtaka ama amalize ugomvi ili waume warudi nyumbani, ama yeye mwenyewe awatie mimba wote. Ni maneno makali, hasa mbele ya mtawala. Lakini hoja yake ni ya sheria kabisa: aliyewaondoa waume na achukue wajibu wao.

Kabla ya mwaka 1947 kwisha mbiru ilifutwa. Neno halikufutika, ila maana yake iligeuka. Isaria Kimambo alipochapisha kitabu chake juu ya habari hizi mwaka 1971 alikiita Mbiru, na msomaji alionaye jina hilo leo hufikiri upinzani kwanza, kodi baadaye.