Nasaba Yetu Chini ya Jabali la Kakapel

Msafiri afikapo Malaba akayakuta malori yamejipanga kungoja idhini ya forodha, au afikapo Busia akapakiwa na boda boda, jina lililozaliwa papa hapa mpakani, aghalabu hudhani kwamba tarehe ya mahali hapa ilianza siku ulipochorwa mstari baina ya Kenya na Uganda. Ilhali mstari wenyewe ni mchanga, kwa kuwa kabla ya mwaka 1902 nchi hii yote, hata kufika Naivasha, ilihesabiwa kuwa ya Uganda.

Katika vilima vya Chelelemuk, huko Teso Kaskazini, liko jabali liitwalo Kakapel, lililopambwa kwa michoro myekundu na myeupe, na chini yake wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa ng'ambo wamefukua athari za watu waliokaa hapo tangu miaka takriban 9,000 iliyopita. Mmoja wao alifariki yapata miaka 3,900 iliyopita; mifupa yake ilipopimwa chembe za urithi, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2020 yalidhihirisha kuwa alikuwa na udugu wa damu na Wambuti wa misitu ya Kongo. Zimepatikana pia kunde za miaka 2,300, na wimbi la miaka ipatayo 1,000, nafaka ile ile ambayo Wateso wangali wakiipikia pombe na kuinywa kwa mirija.

Watu hao walikuwa wanadamu kamili kama sisi, na wao pia walikuwa na waliowatangulia. Kusini yetu, katika kisiwa cha Rusinga cha Ziwa Victoria, Mary Leakey alivumbua mwaka 1948 fuvu la Proconsul, kiumbe asiye na mkia aliyeishi miaka kama milioni 18 iliyopita, jamaa wa kale wa masokwe na wa mwanadamu. Huko Nyayanga, katika Homa Bay, zimefukuliwa zana za mawe zenye umri wa baina ya miaka milioni 2.6 na 3, zilizotumiwa kuchinjia viboko, na pamoja nazo meno mawili ya Paranthropus, zamadamu ambaye tawi lake lilikatika bila ya kuacha kizazi. Karibu na Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu alitambua mwaka 1984 mabaki ya kijana wa Homo erectus, aliyekufa miaka kama milioni moja na nusu iliyopita. Binadamu wa namna yetu hana umri zaidi ya miaka 300,000 hivi: ndiye tawi la mwisho lililosalia katika mti mkubwa wa zamadamu.

Basi, ewe mzazi wa Busia na wa Malaba, mpeleke mwanao Kakapel, umkataze kuandika jina lake juu ya mwamba, na umfahamishe kwamba amana ile ni ya wahenga wake, na kwamba ikiharibika haina badala.